Kula kwenye mkahawa wa sahani ndogo Kisumu: mwongozo wa kuagiza, kugawana na kulipa bila kununiana

Wengi wanaoingia mkahawa wa sahani ndogo kwa mara ya kwanza hutoka na neno moja: chakula kilikuwa kitamu, ila iliyoshiba ni bili. Lawama humwendea mpishi, na mara nyingi anaonewa. Sisi wa huku ziwani tumelelewa na meza ambayo kila mtu ana chake: ngege (tilapia) wake mzima, ugali wake, osuga (mnavu) au sukuma pembeni, na ukimaliza unajua umekula nini na unadaiwa nini. Mkahawa wa sahani ndogo hauleti mlo uliokwisha kupangwa. Unaleta vipande, na kuvigeuza vipande hivyo viwe mlo ni kazi ya waliokaa mezani. Meza ambayo haijakubaliana nani anaagiza, kiasi gani na nani analipa, itaondoka imenuna hata ikipikiwa na nani.

Kwingineko mtindo huu ni wa zamani. Hispania wana tapas, Lebanoni na Uturuki wana meze, Japani wana izakaya ambako vyakula vidogo vidogo hufuatana na vinywaji. Huko mtu hukulia ndani ya desturi hiyo na hujua bila kuambiwa lini aongeze sahani na lini aache. Hapa kwetu bado inabidi tuambizane.

Hatua ya 1: Amueni mko wangapi, na ni akina nani

Wanne ndio idadi nzuri. Wawili wataonja sahani nne au tano na tumbo litakuwa limekwisha nafasi. Mkifika sita, sahani yenye vipande vinne inaanza kuleta siasa. Hapo agizeni kama meza mbili, kila upande na sahani zake, hata kama mmekaa pamoja.

Halafu kuna suala la nani. Kula sahani moja ni ukaribu, na si kila ukaribu unaruhusiwa. Kwa Waluo na Waluhya wengi wa rika la wazazi wetu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawali pamoja, seuze kuchovya bakuli moja. Familia nyingi za mjini zimelegeza, nyingine bado zimeshikilia, na hutaki kugundua hilo bakuli likiwa tayari katikati ya meza. Ukiwa na wakwe, wapeleke penye sahani ya mtu binafsi. Huku njoo na marafiki, wenzako wa kazini, au mchumba ambaye mmeshazoeana kiasi cha kunyang'anyana kipande.

Jambo moja zaidi kabla ya kutoka nyumbani: semeni bajeti. Mtu aandike tu kwenye kundi la WhatsApp, "Tusizidi elfu mbili kila mmoja." Kuyasema haya mapema si ubahili. Aibu iko kwa yule anayeanza kuhesabu kwa siri mezani huku wenzake wanaendelea kuita mhudumu.

Hatua ya 2: Piga simu kwanza

Mkahawa mpya una homa yake. Wiki za mwanzo jiko linajifunza, wahudumu hawajaikariri menyu, na picha za mtandaoni zimeleta watu kuliko viti. Kama huna haraka, acha mwezi mmoja au miwili ipite. Kisha chagua Jumanne, Jumatano au Alhamisi. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mshahara ukiwa umeingia, waachie wenye subira.

Unapopiga simu kuweka nafasi, uliza sahani moja huwa na vipande vingapi, bei za menyu zimejumlisha kodi au la, muziki huanza saa ngapi, na meza mnayopewa iko chini ya paa au nje. Swali la muziki si uzee. Mlo huu huendeshwa kwa mazungumzo: onja hii, niachie ile, tuongeze nyingine? DJ akishaanza kazi, meza nzima hubaki kuelekezana kwa vidole.

Paa nalo lina sababu. Mji huu hupenda ngurumo za jioni, hasa mvua za Machi hadi Mei, na kuhamisha sahani saba chini ya matone si mchezo. Na kama mkahawa unatazama ziwa, jua huzama kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja mwaka mzima, kwa sababu tuko karibu kabisa na ikweta. Fika saa kumi na mbili hivi, uione rangi ya maji, kisha giza likiingia sogea ndani. Mbu wa Kisumu hawajui kwamba umelipia mandhari, na malaria huku si hadithi. Suruali ndefu na dawa ya kujipaka vitakusaidia kuliko feni ya mkahawa.

Hatua ya 3: Ombeni meza kubwa kuliko idadi yenu

Meza za mikahawa hii hutengenezwa ndogo, za kupendeza. Zikija sahani nne, glasi nne, simu nne na mshumaa, hakuna pa kuweka kiwiko. Mkiwa wawili ombeni meza ya wanne; mkiwa wanne ombeni ya sita. Ikishindikana, mshumaa na chombo cha maua viondolewe kabla chakula hakijaja. Mhudumu hatakasirika.

Hatua ya 4: Soma menyu kama mtu wa ziwani

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo mtu wa Kisumu ana nguvu kuliko mgeni wa Nairobi. Maneno ya menyu yatakuwa mengi, lakini chini yake ni samaki, nyama na mboga unazozijua. Uliza.

Anza na ngege. Anayeitwa "tilapia wa Ziwa Victoria" anaweza kuwa wa nyavu, wa kizimba au wa friza. Vizimba vya kufugia vimeongezeka sana kwenye ghuba, na ngege waliogandishwa kutoka China wamekuwa sokoni miaka mingi. Wa kizimba si mbaya. Ana mafuta zaidi na ukubwa wake hulingana, jambo linalomfaa mpishi wa vipande vidogo. Ninachokataa ni kulipia wa nyavu nikaletewa wa friza. Mhudumu akisema "ngoja nikamuulize mpishi" kisha akarudi na jibu, hapo ni mahali pazuri. Akikujibu "ni fresh tu" bila kupepesa macho, agiza kuku.

Mbuta, yaani sangara, ana historia yake. Aliingizwa ziwani na binadamu kuanzia miaka ya 1950, akawala samaki wadogo kama fulu mpaka wengi wakapungua, kisha akawa biashara ya viwanda. Minofu hukatwa ikasafirishwa nje, na mifupa inayobaki hukaangwa na kuuzwa mitaani kama mgongo wazi, chakula ambacho watu wa mtaa wa Obunga hawahitaji kuelezwa. Sasa usishangae kuukuta mgongo huohuo kwenye menyu, umelazwa juu ya jani la mgomba, kwa bei ya minofu. Siupingi, mradi umekaangwa mpaka ukakauka kweli na ndimu haikusahauliwa. Ila jueni mnachonunua ni ufundi, nyama haipo.

Omena, yaani dagaa, nao wana msimu. Upande wa Kenya uvuvi wao hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili wazaliane. Katika miezi hiyo omena watakaokuja mezani ni wa akiba au wametoka kwingine, na bei hupanda. Kwa kukaanga hawapotezi sana. Kwa mchuzi, tofauti utaisikia.

Samaki mbichi aliyekolezwa ndimu anahitaji neno la peke yake, kwa kuwa menyu za aina hii humpenda. Ndimu huifanya nyama iwe nyeupe na ngumu kana kwamba imeiva, lakini haiui minyoo kwa uhakika, na samaki wa maji yasiyo na chumvi wanaweza kubeba minyoo inayomdhuru binadamu. Kinachoiua ni moto, au kugandishwa hasa: kipimo kinachotumiwa na wengi ni nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Uliza kama samaki aligandishwa hivyo kabla. Jibu likiwa la kubabaika, achana naye. Mjamzito na mtoto wasimguse hata jibu likiwa zuri.

Kwenye nyama, tafuta aliya. Nyama ya ng'ombe iliyoanikwa juani ina ladha nzito, na sahani ndogo ndiyo kipimo chake sahihi: vipande viwili vitatu vinatosha kinywa kizima. Kuku wa kienyeji ni mgumu kwa asili na hutaka moto mrefu, kwa hiyo akifika mezani baada ya dakika kumi jua alichemshwa mchana na sasa amepashwa tu. Si dhambi, ila usimlipie kama ingokho aliyepikwa na shangazi Kakamega.

Mboga ndizo ninazoziagiza bila kuuliza bei. Akeyo (mgagani) iliyolazwa kwenye maziwa, mrenda, osuga, kunde: jiko linalozijali mboga hizi hujionyesha hapo, kwa sababu uchungu wa akeyo hauondolewi kwa haraka. Kinyume chake ni viazi karai, sambusa na chipsi zilizomwagiwa kitu chekundu. Ni tamu, ndiyo. Lakini vitu hivyo viko hatua chache kutoka mlangoni kwa bei ya kawaida, na mkahawa hukuuzia kwa bei ya viti vyake.

Mwenye mzio aseme mapema, tena kwa kutaja kitu chenyewe. Upishi wa magharibi mwa Kenya huficha karanga iliyosagwa ndani ya mchuzi wa omena na kuku, na maziwa au malai ndani ya mboga. Mboga nyingine huchemshwa na magadi au munyu wa majivu, jambo la kujua kama daktari amekupunguzia chumvi.

Hatua ya 5: Mwagizaji awe mmoja

Kila mtu akiagiza anachotaka, zitakuja sahani tatu za kuku, mbili za viazi, na mboga hakuna. Mchagueni mmoja. Awasikilize wote, kila mtu ataje kimoja asichotaka kukikosa na kimoja asichokula, halafu mengine aachiwe yeye. Asiwe mwenye njaa kuliko wote.

Hesabu ya kuanzia ni sahani mbili kwa kila mtu. Wanne, sahani nane. Lakini zisiagizwe zote kwa pamoja, maana jiko la namna hii hutoa chakula kikiiva na halijali nani anafuata nani. Ukiziita nane, zitashuka nane, nusu zitapoa na meza itajaa. Gawanyeni mara mbili. Kwanza tano, zenye vitu vyepesi na vya baridi: omena wa kukaangwa na pilipili, kachumbari yenye parachichi, akeyo, firigisi za kuchoma, muhogo. Kisha tatu nzito: mbuta, aliya, na ugali mdogo wa mtama na muhogo wa kukusanyia mchuzi. Mwambie mhudumu waziwazi: "Tuletee hizi tano kwanza. Hizi tatu zingoje mpaka tukuite." Ugali ndio pekee wa kutajwa mapema, kwani ukisongwa papo hapo hutaka muda, na hakuna adhabu kama aliya kufika huku ugali uko kwenye sufuria.

Mkimaliza zile tano, tulieni kidogo, mpige soga. Shibe huchelewa, na mara nyingi meza iliyodhani inahitaji tatu hugundua mbili zinatosha.

Angalieni mafuta. Kwenye menyu za sahani ndogo vitu vingi hukaangwa, kwa sababu vya kukaanga huwahi na hupendeza kwenye picha. Katika nane, vya mafuta mengi visizidi vitatu.

Na vipande. Sahani ikiwa na vitatu nanyi mko wanne, ulizeni kama jiko laweza kuongeza kimoja mkilipie. Mara nyingi hukubali. Wakikataa, hiyo sahani muiache, msianze usiku kwa kukatiana sambusa kwa kisu. Vilevile kitu ambacho mhudumu anakisifu kwa mdomo na hakimo kwenye menyu, ulizeni bei kabla hamjaitikia. Ni swali la kawaida kabisa: "Hiyo ni pesa ngapi?"

Hatua ya 6: Kula

Nawa mikono kwa sabuni, hata pakiwa na uma wa fedha. Kama hakuna mtu anayepita na birika la maji ya moto, omba. Samaki mwenye mifupa haliwi kwa uma bila kupoteza nusu yake, na mkahawa wa Kisumu unaokunja uso ukimla ngege kwa vidole umejikosea mji.

Kila sahani ya katikati iwe na kijiko chake cha kupakulia, na kila mtu awe na kisahani. Wanaokula kwa mkono wasichovye bakuli la wote. Chota, weka kwako, ndipo ule.

Firigisi zina itifaki. Kwa Waluhya, firigisi ya kuku ni ya baba mwenye nyumba, na kuna wazee wanaoipima heshima wanayopewa kwa kipande hicho. Zikija firigisi sita kwenye kijiti kimoja, mambo yamekuwa ya kisasa na kila mtu ana haki. Lakini kama mezani yupo mzee, mwanzie yeye na mwambie, "Karibu mzee, anza." Atacheka, atachukua moja, na wengine mtakula kwa amani.

Kipande cha mwisho kisikae kikikauka kwa sababu ya adabu. Mwagizaji amtajie mtu, basi.

Chungeni sahani zenye mchuzi. Wahudumu wa mikahawa hii wana mikono myepesi, wakiona bakuli limebaki kijiko kimoja wanaliondoa. Mwambieni aache, muagize chapati moja, muifute. Mara nyingi kijiko hicho cha mchuzi wa karanga ndicho kitamu kuliko vyote.

Vinywaji, kwa ufupi: humo ndimo bili hunenepea bila kuonekana. Chupa kubwa ya maji ya kugawana, kisha kinywaji kimoja kimoja, mkitazama bei.

Hatua ya 7: Bili

Tuchukue mfano. Wanne wamekula sahani nane za shilingi 600, jumla 4,800, na wamekunywa vya 1,400. Hiyo ni 6,200. Bei zikiwa zimejumlisha kila kitu, mmemaliza. Lakini menyu ikiwa na maandishi madogo chini yake kwamba kodi haimo, ongezeni VAT ya asilimia 16, ambayo ni 992, tozo ya utalii ya asilimia 2, ambayo ni 124, na kama kuna ada ya huduma ya asilimia 10, ni 620. Mmefika 7,936. Nyongeza ya 1,736 ni karibu bei ya sahani tatu. Ndiyo maana swali la kodi liliulizwa kwa simu.

Itisheni bili yenye kila sahani na uisome kwa sauti ya chini. Sahani zikiwa nyingi na zikija kwa zamu, iliyorudishwa jikoni au iliyoandikwa mara mbili hupenya kwa urahisi, mara nyingi bila nia mbaya.

Gawanyeni sawasawa, isipokuwa asiyekunywa pombe: yeye alipe chakula tu, na asilazimike kuomba. Kisha kila mmoja alipe moja kwa moja kwenye namba ya Till ya mkahawa. Lipa na M-Pesa ya Buy Goods haimkati mteja ada, ilhali kumtumia mwenzako pesa ili alipe yeye kuna ada kiasi kikizidi shilingi 100. Jina linalotokea kwenye simu lilingane na la mkahawa au la kampuni iliyo kwenye risiti. Ukipewa namba ya simu ya mtu binafsi kwa madai kwamba "Till ina shida", omba meneja aje.

Bakshishi ni hiari. Kama ada ya huduma imo kwenye bili, umeshatoa. Kama haimo na mhudumu alizuia zile sahani tatu mpaka mlipomwita, mpe taslimu mkononi, ili ajue ni yake.

Hatua ya 8: Mabaki

Omena wa kukaangwa, muhogo na aliya hubebeka, na kesho asubuhi ni vizuri na chai. Samaki wa ndimu na kitu chochote chenye parachichi viacheni hapohapo. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo mtafungiwa kwenye karatasi au kiboksi, na mchuzi hupenya vyote viwili. Ukipanda boda na mabaki ya mchuzi wa karanga, usiyaweke mapajani; yashike mkononi, au njoo na kikontena chako kutoka nyumbani.